Samaki Aliyepasuliwa Ubavu wa Kulia

Samaki aliyekuwa ndani ya chupa hakuwa yule.

Bi Madhu aliligundua hilo kabla hata hajavaa miwani. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa mtunza samaki katika jumba dogo la makumbusho pale Walthamstow, London, na chupa namba 417 aliifahamu kama mtu anavyofahamu sufuria yake. Ndani yake alilala samaki aitwaye mbeku, wa Ziwa Nyasiri, wa mwisho duniani, mdogo kama kiganja, rangi ya chai iliyolala. Huyu wa leo alikuwa perege wa sokoni, magamba bado yakimetameta.

Ilikuwa Alhamisi asubuhi, mwaka 2014. Ijumaa jioni, mbele ya waandishi wa habari, mbeku alikuwa akabidhiwe kwa wenyewe: Tume ya Samaki na Wanyamapori ya Jimbo la Nyasiri, ambayo wajumbe wake watatu walikuwa wamesafiri kutoka Afrika Mashariki kuja kumchukua.

Polisi walimtuma Inspekta Elkana Odiwuor, mzaliwa wa Kisumu, miaka kumi na tisa kazini London.

"Hawa ni watu wako, Elkana," mkuu wake alimwambia kwenye simu.

Maneno hayo yalimchoma. Watu wake! Samaki mmoja akioza, wote wameoza, na Elkana alijua kwamba huku ugenini mwizi mmoja mweusi huwatosha kuwaozesha wote. Akaingia makumbusho ameshakasirika.

Mlango haukuvunjwa. Alama za vidole zilikuwa zimefutwa kwenye chupa. Funguo zilikuwa mbili: moja ya Bi Madhu, nyingine ya mfagiaji. Elkana akaagiza mfagiaji aitwe ukumbini, walipokuwa wamekaa wajumbe wa Tume wakinywa chai.

Alikuja mwanamke wa miaka sitini hivi, mkoba begani.

"Jina?"

"Restuta. Natokea Bukoba, nakaa Woolwich."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nafagia, baba. Si ndiyo kazi yangu?"

"Chumba cha samaki uliingia?"

"Kila siku naingia."

"Fungua mkoba."

Restuta aliwatazama wageni. "Hapa? Mbele za watu?"

"Hapa hapa."

Angeweza kumpeleka pembeni. Angeweza kumwita mama, hata shikamoo angeweza kumpa, maana alikuwa rika la mama yake. Hakufanya hata moja. Alitaka wafanyakazi wazungu waliosimama mlangoni waone kwamba hana upendeleo.

Vikatoka mezani kanga, rozari, kadi ya basi na bakuli la plastiki. Elkana akafungua bakuli, na harufu ya samaki, kitunguu na ndimu ikajaa ukumbi mzima. Mjumbe mmoja, Bwana Kanti, akaziba pua kwa leso. Mtu akacheka.

"Huyu ni samaki gani?"

"Ni chakula changu cha mchana, baba."

Elkana alimgeuza samaki kwa kalamu. Alikuwa amekaangwa akakauka, amepasuliwa tumbo katikati toka kooni hadi mkiani. Hata mtoto angeona huyo ni wa kuliwa. Lakini watu walikuwa wakitazama, na Inspekta akaona haya kurudi nyuma. Akamtia samaki kwenye mfuko wa vielelezo, akaandika juu yake: kielelezo namba moja.

Restuta alikusanya vitu vyake, akatoka. Kabla ya jioni ejensi iliyomwajiri ilimpigia simu kwamba asirudi tena, shifti zake amepewa mtu mwingine.

Mchana huo Elkana alikula ndani ya gari, vioo vimefungwa, kama alivyokula kwa miaka kumi na tisa. Mkewe, Peris, humfungia samaki wa kukaanga, na yeye humtia ndani ya mifuko mitatu ya plastiki ili wenzake kituoni wasimsikie harufu. Siku hiyo alikiacha nusu. Alijua kwa nini, akajifanya hajui.

Jioni Bi Madhu akampigia simu. "Inspekta, njoo. Kuna kitu."

Alikuwa amemtoa yule perege wa bandia na kumlaza kwenye sinia. Mama huyu wa Harrow, Mhindi aliyekulia Mombasa, alizungumza Kiswahili kitamu kuliko cha Inspekta.

"Tazama tumbo lake."

"Halijapasuliwa."

"Sasa mgeuze."

Upande wa pili, ubavu wa kulia, palikuwa na mkato mdogo, ulionyooka, wa vidole viwili. Utumbo wote ulikuwa ndani.

"Samaki ukimtumbukiza mzima kwenye dawa ya kuhifadhia, huoza kwa ndani na kuelea," Bi Madhu alieleza. "Lazima umfungulie dawa njia. Na sisi watu wa samaki hukata kulia siku zote, kwa sababu huchorwa na kupigwa picha akiwa ameelekeza kichwa kushoto. Ubavu wa kushoto hatuugusi. Hilo hufundishwa siku ya kwanza darasani."

Elkana akakumbuka kielelezo namba moja.

"Mpishi angempasua tumbo katikati."

"Restuta? Angemtoa na utumbo. Yule mama hawezi kuacha uchafu popote."

"Kwenye Tume, nani kasomea samaki?"

"Hakuna aliyesema. Mwenyekiti, Bi Anastasia, ni wakili. Bwana Kanti ana mahoteli ya watalii. Mzee Mbarouk ananiambia yeye ni mtu wa makaratasi tu."

"Na nani angemtaka samaki aliyekufa zamani?"

"Sijui. Ila mbeku ana lebo imeshonwa kwenye taya. Daftari letu lina mwaka tu, 1974. Lebo hiyo ina tarehe na jina la aliyemvua, nasi tulipanga kuisoma kesho mbele ya waandishi."

Ijumaa asubuhi Elkana alipita sokoni, akanunua perege watatu. Akawapanga mbele ya wajumbe, kila mmoja na kisu chake.

"Waheshimiwa, nawaomba kila mtu anikatie samaki mmoja."

"Mimi sijagusa samaki tangu nizaliwe!" Bwana Kanti akaruka. "Kwenye Tume nimo kwa ajili ya tembo."

Bi Anastasia alivua bangili, akampasua wake tumbo na kumtoa utumbo kwa mkupuo mmoja. "Nilikuwa binti wa jikoni kabla sijawa wakili," alisema akijifuta.

Mzee Mbarouk alikuwa na miaka sabini, koti la sufu, themosi yake ya uji miguuni. "Mikono yangu ina baridi, mwanangu."

"Jaribu tu, mzee."

Mzee akamlaza samaki, kichwa kushoto. Akamnyoosha mapezi kwa kidole gumba, polepole. Akamgeuza. Ncha ya kisu ikaingia ubavu wa kulia, vidole viwili, ikanyooka.

Hapo mkono ukasimama. Akakitazama kisu.

"Ulisomea wapi samaki, Mzee Mbarouk?"

Mzee akaifuta ncha ya kisu kwa kidole.

"Una haki ya kukaa kimya," Elkana alimwambia.

"Nimekaa kimya miaka arobaini." Mzee akaweka kisu chini. "Nilikuwa ofisa samaki wa jimbo. Tume ya wakati ule ilitaka kutia ziwani samaki mkubwa, mla wenzake, wa kuuza nje. Sheria ilikataa maadamu mbeku bado yupo. Wakaniambia niandike kwamba hayupo."

"Ukaandika?"

"Mwezi wa nane, 1974. Niliandika kwamba nimetafuta miezi minane, sijaona hata mmoja."

"Ulikuwa umemwona?"

"Mwezi wa tatu. Jike, amebeba vitoto mdomoni. Nikamshonea lebo, tarehe na jina langu."

"Kwa nini ukamleta huku?"

"Niliona vibaya kumtupa. Nikampa mtaalamu mmoja aliyekuwa akirudi London. Nikapata cheo. Baada ya miaka sita mbeku aliisha kweli, na wavuvi waliomtegemea wakatawanyika. Leo kuna shule yenye jina langu, eti mlinzi wa ziwa. Ile tarehe ingesomwa, ningeuweka wapi uso huu?"

"Si ungekata lebo tu?"

"Nilijaribu Jumatatu, Bi Madhu alipokwenda kuleta daftari. Nilipogusa uzi mdomo ukafunguka, vitoto vikachungulia. Nikashindwa. Nikaenda sokoni kutafuta huyo wa bandia, na Jumatano jioni, mlango ukiwa wazi kwa ajili ya kufagiwa, nikawabadilisha."

"Mbeku yuko wapi?"

Mzee akaisogeza themosi kwa mguu. Bi Madhu akaifungua, na harufu kali ya spiriti ikatoka.

Bi Anastasia alifunika uso kwa mikono miwili. Elkana alikuwa na swali moja bado.

"Jana ulimwona mama wa watu akimwaga mkoba wake mbele yako. Hukusema neno?"

"Themosi ilikuwa hapa hapa miguuni." Mzee akainua macho. "Hukuniuliza, Inspekta. Mimi uliniita mheshimiwa."

Jioni Elkana alibisha mlango Woolwich. Restuta aliufungua kidogo, mnyororo ukiwa umefungwa.

"Tumempata mwizi mwenyewe, mama. Nimekuja kukuomba radhi."

"Uliniaibisha mbele za watu, radhi unaniletea mlangoni?"

Mlango ukafungwa. Haki ilikuwa yake.

Jumatatu aliwakusanya ukumbini wote waliokuwapo siku ile, isipokuwa Mbarouk, aliyekuwa mahabusu. Akamwita na meneja wa ejensi. Restuta alikaa nyuma, mkoba kifuani.

"Alhamisi nilimtuhumu mama huyu bila ushahidi," Elkana alisema. "Nilimpekua yeye kwa sababu ni mfagiaji. Waheshimiwa sikuwapekua. Niliona ni chakula, nikakiita kielelezo. Naona aibu."

Kisha akaumwaga mkoba wake mwenyewe mezani. Funguo, kitana, na furushi la mifuko mitatu, mmoja ndani ya mwingine. Akaifungua mmoja mmoja. Harufu ya samaki, kitunguu na ndimu ikajaa ukumbi. Safari hii hakucheka mtu.

"Shikamoo, mama."

Restuta alikuja mezani taratibu. Hakuitikia. Alimtazama samaki, akamegua kipande, akaonja.

"Nani kakukaangia?"

"Mke wangu. Peris."

"Ana mkono mzuri." Akainua ile mifuko mitatu, akamtazama Inspekta usoni. "Na yeye anajua kwamba unamwonea haya?"

Elkana aliinamisha kichwa. Restuta akaikunja mifuko, akaitupa kwenye pipa alilokuwa akilimwaga yeye kila siku, ndipo akaitikia.

"Marahaba."