Saa Iliyokaa Ndani ya Kobe

Kila siku Saidati alirudi kutoka shuleni, akala haraka, akajitanda mtandio na kukimbilia chuoni kusoma Kurani. Kwao, mtaa wa Rwezamenyo, chumba cha mbele kilikuwa duka la mama yake la ushonaji, kwa hiyo ilimbidi apite katikati ya cherehani na vitambaa. Alikuwa na miaka kumi na miwili na mikono isiyotulia. Mama yake alizoea kumwambia kwamba macho hayana pazia, lakini mikono ina mwenyewe.

Jumatano moja aliona pete ya dhahabu ndani ya kopo la vifungo. Juu yake alikaa kobe mdogo. Ukimbonyeza kichwa, gamba lilifunguka, na ndani mlikuwa na saa ndogo inayotembea kabisa. Mwenyewe alikuwa Madamu Mukandayisenga wa mtaa wa Kanombe, ambaye mumewe alikuwa amemletea kutoka Ulaya. Aliivua alipokuja kujaribu gauni la hariri, isije ikakwaruza kitambaa, kisha akaisahau. Angeifuata siku ya pili yake pamoja na gauni. Mama alikataza mtu yeyote kuigusa.

Saidati aliigusa. Mama alipotoka kununua uzi, aliivaa kwenye kidole gumba, akaenda nayo chuoni.

Siku hiyo alijiona malkia. Wasichana walimzunguka, kila mmoja akitaka kufungua gamba. Wakati wa kutawadha kwa swala ya alasiri ulipofika, aliogopa kuivua, maana wangeigombania. Akakumbuka alivyofundishwa na mwalimu: mwenye pete aizungushe, maji yafike kwenye ngozi. Basi akaizungusha vizuri sana chini ya maji, mara tatu, kama mwanafunzi hodari. Kwa pete nyingine angekuwa amefanya sawa.

Alipofungua gamba, kioo kilikuwa na ukungu na mishale imesimama. Saidati alikimbia nyumbani, akairudisha kwenye kopo bila kuonekana, kisha akaketi. Akainuka. Akaenda uani, akanywa maji bila kiu, akarudi, akasimama mlangoni.

Haukupita muda, Mama alichukua pete ili aifungie kabatini. Alipofungua gamba, uso wake ulibadilika. Akamgeukia Mukeshimana, msichana aliyemsaidia kazi, ambaye kila siku alinyunyizia nguo maji juu ya meza ileile kabla ya kupiga pasi. Mama alimuuliza kwa ukali kama hakuliona kopo lililo wazi. Alisema Madamu angelitangaza duka hilo Kanombe nzima, na hakuna mteja ambaye angerudi. Kisha akamwambia amalize nguo iliyo mezani, akusanye vitu vyake, arudi kwao.

Mukeshimana hakubisha. Aliweka pasi chini polepole.

"Mama, mimi sikuona," alisema. "Lakini maji ni mimi niliyeyamwaga. Labda ni mimi."

Maneno hayo yalimchoma Saidati kuliko fimbo. Mtu asiye na kosa alikuwa ameanza kulibeba, na yeye mwenye kosa alisimama akimtazama. Mukeshimana alikuwa tayari anakunja kitenge chake.

"Si yeye," Saidati alisema. "Ni mimi. Niliivaa chuoni, nikatawadha nayo."

Mama alichukua pete na mtandio wake, akamshika mkono, wakatelemka mbio hadi kwa Mzee Maneno, fundi saa, aliyekuwa anafunga mlango. Mzee aliwasha taa yake, akafungua kifuniko cha chini kwa bisibisi nyembamba. Tone la maji lilikuwa bado linang'aa kati ya magurudumu. Alilikausha, akatia mafuta kwa ncha ya sindano, akasubiri. Saidati alisubiri akihama mguu huu na mguu ule. Mwishowe saa ikaanza kutembea. Mzee alisema kwamba ingelala usiku mmoja na maji hayo, kutu ingeimaliza.

Waliporudi, Mama ndiye aliyetangulia kumwomba Mukeshimana radhi. Kisha Saidati akaomba, huku akilia. Madamu alipokuja kesho yake, Saidati alimweleza mwenyewe yote. Madamu alikasirika, akaisikiliza saa sikioni, kisha akasema mtoto aliyekosa na kusema anaweza kufundishika.

Jioni hiyo Mama alimketisha Saidati karibu na cherehani. "Kuchukua kitu cha mtu bila ruhusa ni kosa, na umelifanya," alisema. "Lakini ungenyamaza, saa ingeliwa na kutu, na mimi ningemdhulumu mtoto wa watu. Ukikosa, sema mapema, mwanangu, kabla mwingine hajafungasha vitu vyake."

Saidati alitazama mezani. Mukeshimana alikuwa akinyunyizia shati maji, tayari kulipiga pasi.