Marehemu Bado Anatazama

Simu ilitetemeka mfukoni.

"Sindano."

"Nasikia, Mkuu."

"Kitasa cha pili. Wanakitaka leo."

Simu ikakatika.

Sindano aligeuza Toyota katikati ya barabara, madereva wakampigia honi na matusi juu yake. Hakujali. Hakuuliza kitasa gani. Ghala la forodha lilikuwa na vitasa viwili, na nyuma ya mlango wake yalipangwa masanduku ya bunduki zilizokamatwa mpakani. Wenye mali hiyo walikuwa wanaitaka irudi. Ufunguo wa kwanza walishauiba. Wa pili aliutunza mtunza ghala.

Mtunza ghala alikuwa kaka yake Sindano.

Na kaka yake alikuwa kaburini tangu mvua zilipoanza.

Alifika kwa wifi yake jua bado kali. Akapita kwenye ngazi ya mlangoni walipozoea kukaa yeye na kaka yake. Sindano hakuwa mtu wa kuongea ndani ya nyumba, kazi ilimkataza. Kaka alimcheka, akamwita Kizee, jina la tangu utotoni, kwa jinsi alivyokuwa akikunja uso. Lakini alikubali kutoka nje. Mazungumzo yao yote yalibaki pale kwenye ngazi.

Mlango ukafunguliwa kabla hajabisha.

Wifi yake alikuwa amependeza. Mafuta, manukato, kitambaa kipya kichwani. Mjane wa juzi, kajipamba kama anakwenda kupokea mgeni.

"Sema polepole, wifi," alinong'ona. "Kaka yako anasikia."

Sebuleni, mbele ya televisheni, palikuwa na kigoda. Juu ya kigoda, kikombe cha chai kinatoa moshi. Dosho, binti wa marehemu, alikuwa ameketi pembeni akikilinda.

"Ya baba," alisema mtoto. "Usiiguse, shangazi."

Kwenye kioo cha televisheni yaliandikwa maneno meupe: KARIBU TENA, BABA DOSHO. ENDELEA ULIPOISHIA.

Hiyo ilikuwa Angaza. Wengi mnaijua. Unalipia kila mwezi, unatazama tamthilia mpaka macho yanauma, ukiisemesha inakujibu. Kila mtu wa nyumba ana jina lake humo ndani. Jina la marehemu lilikuwa bado lipo.

"Anafariki, alikuwa hajafika hata katikati ya ile tamthilia yake," wifi alisema. "Sasa angalia. Kila siku inasogea mbele. Mimi sigusi. Mtoto hagusi. Nani anatazama? Niambie wewe mwenye kazi za siri."

Sindano aliogopa. Alikuwa ameshawahi kufungiwa ndani ya gari linalowaka moto. Hakuwahi kuogopa hivi.

Halafu televisheni ikakohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa kaka yake kabla ya kusema.

"Mama Dosho. Umekula?"

Sauti ilikuwa yake. Ule ukwaruzo wake. Ule uvivu wake mwishoni mwa neno.

"Nimekula, baba Dosho."

"Lile koti la buluu lenye ufunguo, usilisahau. Njoo nalo nyuma ya soko. Uje na mtoto. Gari jeusi."

Sindano alirukia ukutani akachomoa waya.

Giza kwenye kioo.

"Umemzima!" Wifi yake alimvamia kwa ngumi za kifuani. "Umemzima kaka yako! Mara ya pili hii namzika, na safari hii ni wewe!"

Sindano aliziacha zimpate zote mpaka mikono ikachoka. Kisha akamshika wifi, akampeleka jikoni.

"Hii Angaza, wakati mnajiunga mlisoma masharti?"

"Nani anasoma vile? Marefu kama maelezo ya mama mkwe. Wakasema mwezi wa kwanza bure, bonyeza Nakubali. Nikabonyeza."

Wewe mama unayesoma hapa, usimcheke. Wewe ulisoma?

Sindano alitoa Samsung yake, akaegemea sinki, akasoma. Akafungua na masharti ya huduma nyingine mbili ili apime. Ya kwanza, Pazia, ilisema maikrofoni imezimwa mpaka mteja aiwashe mwenyewe, na ukitaka kutoka unatoka, kila kitu chako kinafutwa. Ya pili, Tamasha, ilikuwa na tamaa kidogo: inakumbuka unachotazama, inakuletea matangazo ya sabuni ukitazama watu wanafua. Kero, lakini haikusikilizi.

Angaza.

Maandishi madogo kama sisimizi. Maikrofoni wazi muda wote, "kwa kuboresha huduma." Sauti za wanafamilia zinatunzwa. Zinaweza kupewa "washirika wetu wa biashara." Usajili haufi mpaka mwenye akaunti aufunge mwenyewe.

Haufi. Hata mwenyewe akifa.

Sindano akaelewa. Majambazi walijiandikisha kama washirika, kampuni ya matangazo kwenye makaratasi. Wakapewa sauti kama mtu anavyopimiwa sukari dukani. Wakasikia marehemu, enzi za uhai wake, akimwambia mkewe koti gani lina ufunguo. Wakatengeneza sauti yake upya, wakampa maneno.

Lakini Angaza ilikuwa na uchoyo. Haikutaka jirani atazame kwa malipo yako. Kwa hiyo kila kifaa kilichoingia kwenye akaunti, ilikiandika na mahali kilipo, na mwenye akaunti alikuwa na haki ya kuonyeshwa. Pazia haikuwa na sharti hilo. Wala Tamasha.

"Simu ya marehemu iko wapi?"

"Kwenye droo. Naichaji kila siku."

Wifi akaileta. Sindano akaifungua. Akaandika ombi kwa jina la marehemu. Jibu likaja hapo hapo.

Televisheni. Sebuleni. Imezimwa.

Simu. Jikoni. Inatumika.

Kishikwambi. Jengo la Duka la Magodoro, ghorofa ya juu. Kinatazama sasa hivi.

Kinatazama sasa hivi.

"Nipe ufunguo, wifi."

Wifi alikwenda kabatini, akaja na koti la buluu, akatoa ufunguo mfukoni, akampa. Wepesi huo ungemshtua Sindano siku nyingine. Lakini alikuwa na haraka.

"Usitoke. Nakuomba. Wala mtoto usimtoe."

"Niende wapi?"

Duka la Magodoro lilikuwa wazi, wateja wakilalia bidhaa kupima ulaini. Sindano alipanda ngazi za nyuma. Beretta mkononi. Redio sikioni.

"Sindano kwa Mkuu. Gari jeusi, nyuma ya soko. Lizungukeni, msilisogelee."

"Tumekupata. Kuna mtoto?"

"Asiwepo. Nimemwacha nyumbani."

Mlango wa juu ulikuwa wa mbao laini. Teke moja.

Wawili ndani. Mnene amelala chali juu ya godoro jipya bado lina nailoni, kishikwambi kifuani, ganda la karanga mdomoni. Kwenye kishikwambi, tamthilia ya marehemu. Kazi yake ilikuwa kuvizia akaunti tu, siku nzima. Akachoka. Akaona atazame kidogo. Akanogewa.

"Nilimwambia afungue ya kwake," alisema Mrefu kwa uchungu, akiwa mbele ya kompyuta. "Bahili huyu!"

"Imebaki sehemu moja tu," Mnene alisema, mikono juu.

Ndipo kompyuta ikaongea. Sauti ya mwanamke kupitia simu ya marehemu, inahema, na nyuma yake kelele za soko.

"Baba Dosho? Niko njiani. Ufunguo ninao. Ule niliompa wifi ni wa kabati la vyombo. Mtoto anauliza, utakuwa umevaa nini?"

Sindano akageukia kompyuta.

Mrefu aliona. Vidole vyake vikakimbia kwenye kompyuta, na kaka yake Sindano akakohoa kidogo, akasema mle chumbani:

"Dada. Usipige. Ni mimi."

Bunduki ikashuka kidogo. Mkono wenyewe ulishuka, si yeye. Mrefu akapeleka wake kwenye droo.

Dada?

Kaka yake hakuwahi kumwita dada. Angaza haikujua. Ngazi ya mlangoni haikuwa na maikrofoni.

Risasi moja. Droo ikapasuka, bastola iliyokuwemo ikarukia ukutani. Mrefu akabaki anatazama vidole vyake, vyote vipo.

"Mwandikie," Sindano alisema, mdomo wa Beretta shingoni kwake. "Nitakayokuambia. Neno kwa neno."

Mrefu akaandika. Na marehemu akasema kwa ukwaruzo wake:

"Mama Dosho. Rudi nyumbani. Mshike mtoto mkono, urudi. Usinifuate."

Zikasikika kelele za soko tu.

"Haya, baba Dosho," mwanamke alisema. "Haya."

Redioni: "Mkuu kwa Sindano. Mwanamke na mtoto wamegeuka. Walikuwa hatua chache tu. Tunalichukua gari."

Vishindo. Kelele. Kisha, "Limechukuliwa."

Wifi alikuwa amekaa sebuleni Sindano aliporudi. Televisheni imewashwa. Ufunguo wa kweli uko mezani, karibu na ile chai iliyopoa. Kwenye kioo, chini ya jina la marehemu, palikuwa na swali: FUTA SAUTI NA FUNGA AKAUNTI?

"Umefikaje kwenye hilo swali?"

"Nimesoma masharti," wifi alisema. "Yale ya mama mkwe. Nimefika mwisho."

"Wifi, yule hakuwa yeye."

"Kwani nimesema ni yeye?" Alicheka kidogo, machozi yakimwagika. "Kaka yako, miaka yote tuliyoishi, hajawahi hata siku moja kuniuliza kama nimekula. Nilijua tangu neno la kwanza."

"Ulijua. Na ulikwenda. Na Dosho."

Wifi alimtazama mtoto aliyelala kwenye kiti, viatu bado miguuni, na hofu iliyochelewa ikamfikia.

"Nilikwenda," alisema.

Akashika rimoti. Akaishika muda mrefu. Sindano hakumsaidia.

Akabonyeza.

Jina likatoka. Kioo kikabaki cheupe, kisha cheusi, na ndani yake walionekana wanawake wawili na mtoto.

Sindano alichukua ufunguo, akambusu Dosho kwenye paji la uso, akatoka. Kwenye ngazi alisimama.

"Nimemaliza," alisema kwa sauti, mahali pa kusemea. Hakuna aliyejibu, na ndivyo inavyotakiwa.

Akavaa miwani, akatembea kuelekea garini bila haraka. Dirisha la jirani lilikuwa wazi. Ndani, televisheni mpya ilikuwa inasema kwa upole kwamba mwezi wa kwanza ni bure.

"Mama, inauliza tunakubali?" sauti ya mtoto.

"Bonyeza tu, mwanangu. Chakula kinaungua."