Samedi ya Zagabe Ilirukwa

"Eulalie, mutu wako iko wapi?" Papa Edouard aliuliza, kofia tayari kichwani.

"Atapiga simu, Papa."

"Atapiga, atapiga! Tangu saa sita tunakaa hapa!"

Jamani, hata jiwe lingechoka. Salon ya Papa, mtaani Nguba, mjini Bukavu, ilijaa wazee, chakula kimepoa, na Tonton Josué, aliyekuja kuposa kwa niaba ya Zagabe, alishamaliza maneno yote ya heshima anayoyajua. Zagabe mwenyewe ni mpishi kwenye meli ya mizigo, huko bahari ya Pasifiki. Papa Edouard alitaka kitu kimoja tu: kijana aombe binti kwa sauti yake, samedi hii, Jumamosi ya leo. Samedi ikiisha kimya, mariage imekufa, hakuna ndoa tena. Na kila Eulalie alipompigia, simu haikupatikana.

Jua likiwa linazama, ujumbe ukaingia kwenye simu ya Eulalie:

"Chérie, nisamehe. Nililala vendredi, nimeamuka dimanche. Samedi imepita, nimekupoteza. Ambia Papa pardon."

Alilala Ijumaa, akaamka Jumapili? Damu ikamchemka Eulalie. Akatoka kwenda barzani, akampigia.

"Zagabe, ulikunywa?"

"Hapana! Usiku meli ilivuka ule mustari wa tarehe, katikati ya bahari. Ukienda upande huu, wanaruka siku muzima. Samedi yetu haikukuwako!"

"Yenu! Na sisi huku Bukavu, tulivuka nini?"

Zagabe akavuta kamasi kwenye simu.

"Jibu! Huku ni samedi, weye mujinga! Wazee iko mu salon, Papa anataka kuwafukuza, na wewe unaniandikia pardon?"

"Samedi? Bado?"

"Bado! Acha kulia, uombe!"

Akaingia mbio, akaweka haut-parleur ili wote wasikie.

"Papa, jambo. Ni mimi Zagabe. Naomba Eulalie akuwe bibi yangu."

"Huko kwako ni siku gani?"

"Dimanche asubuhi, Papa."

Wazee wakaguna.

"Dimanche? Mimi nilisema samedi!"

"Papa!" Eulalie alishindwa kuvumilia. "Masikio yako iko Nguba. Umemusikia samedi!"

Papa Edouard akamtazama, kisha akamuuliza lile swali ambalo binti huulizwa mbele ya wazee:

"Binti yangu, huyu mutu unamujua?"

Eulalie akafuta machozi ya hasira.

"Namujua, Papa. Ananichokesha sana. Lakini ni yeye namutaka."

"Basi. Nimekubali."

Vigelegele vikalipuka.

"Allô? Amesema nini? Réseau inakatika!"

"Amekubali, Zagabe!" Eulalie alifoka huku analia na kucheka. "Na kuanzia leo, unafuata kalenda ya Bukavu!"