Dadu Nyuma ya Katoni

Umeme wa Uvira hauombi ruhusa. Siku ile ulikatika saa nne asubuhi, mashine ya fotokopi ikiwa imetafuna nusu ya ripoti ya Fabiola. Watu kumi na watano waliobanana katika kibanda kile karibu na soko la Mulongwe wakaanza kupiga kelele, kana kwamba kelele huwasha taa. Mwenye kibanda akaokota karatasi zilizotapakaa sakafuni, akazigawa kwa kukisia. Ndivyo Fabiola, mwanafunzi wa uuguzi aliyevaa blauzi nyeupe na kitenge cha ndege wa buluu, alivyofika nyumbani na ukurasa usio wake.

"Fani: Mwinuaji," ukurasa ulisema. "Hana upanga. Uwezo wake ni mmoja: mwenzake akianguka, yeye humwinua, hata akiwa mbali kiasi gani. Atupe dadu. Akipata kumi au zaidi, aliyeanguka husimama."

Chini palikuwa na namba ya simu. Akapiga.

"Alo? Iko nani huyu anaandika mambo ya kuinua batu mu ripoti yangu ya maleria?"

"Mungu wangu, karatasi yangu! Minye naitwa Emery. Iko muchezo tu, dada."

"Muchezo gani unaandikwa kama sheria ya serikali?"

"Kuya kwetu Kimanga siku ya posho, utaona."

Jumamosi hiyo Fabiola akaenda. Alimkuta Emery, mwalimu wa hesabu, mwembamba, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, ameketi barazani na rafiki zake Térence na Bella. Mchezo wenyewe ulikuwa hivi: Emery alisimulia safari ya hatari, na kila mchezaji alikuwa shujaa mwenye fani yake. Térence alikuwa Askari, Bella Mpiga Mishale. Panapotokea hatari, dadu yenye nyuso ishirini ndiyo iliyoamua. Dadu za maadui Emery alizitupa nyuma ya kipande cha katoni, ili wachezaji wasione kinachowangoja.

Fabiola alichagua Mwinuaji bila kuuliza bei wala baraka.

Mapenzi nayo hayakuuliza. Kufikia Jumamosi ya nne walikuwa wanasindikizana mpaka ufukweni, bega kwa bega.

"Weye kifungo mpaka ku shingo," Fabiola alimtania. "Uko unaogopa upepo?"

"Naogopa weye, sheri wangu."

Lakini kulikuwa na jambo. Jumamosi kumi na moja zilipita na hakuna shujaa aliyeanguka. Walipita mapango, mafuriko na majitu yenye vichwa viwili, wakatoka na mikwaruzo. Fabiola alikaa mikono kifuani, na uwezo wake umelala.

"Emery, sasa uwezo wangu iko na kazi gani?"

"Ngoja. Siku yake itafika."

"Siku gani? Hapa hata kuku haijaanguka!"

Wakati huohuo Fabiola akamaliza masomo na kupata kazi ya kweli: muuguzi katika kituo cha afya huko Rurambo, juu milimani. Alicheza ngoma mbele ya Tantine Annie, shangazi aliyemlea. Siku mbili baadaye Tantine akageuka. Alikuwa ameambiwa kuhusu barabara ile na hatari zake, na hakumtaja aliyemwambia. "Sikupi baraka," akasema. Fabiola alimuuliza Emery kama anajua lolote. Emery akajibu hajui kitu.

Jumamosi ya kumi na mbili upepo wa ziwa ulikuja kwa nguvu, ukaibeba katoni. Emery alikuwa ametoka tu kusema, "Jitu limepata tatu. Limekukosa, Térence." Dadu ilikuwa mbele ya macho ya wote, na haikuwa tatu.

"Soma," Fabiola akasema.

"Kumi na kenda."

"Na mara zile zingine?"

Emery akainamisha kichwa. "Nilidanganya. Siwezi kuona muntu anaanguka, sheri. Huku inje tunaona ya kutosha."

"Na minye? Kazi yangu iko moja tu, na weye uliandika! Umeniibia hiyo kazi mara kumi na moja." Akasimama. Kisha akamwangalia vizuri, kama anayesoma kipimo cha damu. "Na ule muntu wa kwa Tantine. Iko weye."

"Iko minye," Emery akasema.

"Uliwaza siwezi."

Jibu alikuwa nalo: kwamba asiyeweza ni yeye Emery, hawezi kukaa bila yeye. Lingesemwa kwa pumzi moja. Badala yake, mjinga yule akakimbilia katoni, na Fabiola akaondoka.

Jumanne akapanda pikipiki ya Rurambo bila baraka. Emery alikuwepo, amesimama chini ya mwavuli wa muuza vocha, ng'ambo ya barabara. Hakuvuka.

Kisha mvua zikaanza. Mlima ukabomoka, barabara ikakatika, na kule juu mtandao ulipatikana tu kwenye kilima cha malisho. Ujumbe wa Emery uliondoka, haukufika. Angefanya nini? Alijaribu kusali, akajikuta anamwomba Mungu naye aweke katoni na kubadili namba.

Jumapili ya nne tangu Fabiola aondoke, baada ya misa, Emery akiwa barazani, simu ikalia. Kulikuwa na upepo ndani yake, na ng'ombe.

"Alo, Emery. Niko juu ya mulima. Batri iko kidogo."

"Fabiola! Uko muzima?"

"Muzima. Siku ya tano, juzi, mama moja amenifia ku mikono. Damu tu, damu. Nilingoja pikipiki ya kumushusha hospitali toka asubui mpaka jua lilizama. Haikufika. Sikuweza kitu, Emery."

*Rudi.* Neno lilikuwa tayari ulimini. Emery akaling'ata. Akalia, katika shati la Jumapili, majirani wakitazama.

"Uko unalia?"

"Ndiyo."

"Basi tulie wote. Nililia peke yangu siku mbili."

Wakalia, batri ikipungua. Kisha Emery akasema, "Jana tulicheza. Katoni nilichoma. Térence ameanguka, Bella naye. Nimekataa kuendelea. Wako chini mpaka sasa."

"Si Mwinuaji iko?"

"Iko mbali."

"Soma sheria yako. *Hata akiwa mbali kiasi gani.* Tupa dadu yangu. Na usinidanganye."

Emery akaitoa mfukoni, akaitupa kwenye benchi. Hakuna aliyeona isipokuwa yeye. Angeweza kusema namba yoyote, na mpenzi wake kule kilimani angefurahi.

"Ine," akasema.

"Ngapi?" Fabiola akauliza katika upepo.

"Ine, sheri. Hawajasimama."

Fabiola akacheka, kicheko kilekile cha ufukweni, kikakatikia njiani. "Ungeweza kusema ishirini."

"Ningeweza."

"Juu ya nini ulienda kwa Tantine?"

"Si kama weye hauwezi. Minye ndiye siwezi. Bila weye siwezi."

"Ungesema ile siku, muntu weye!" Akapenga kamasi. "Rudi kwa Tantine. Mwambie vile umeniambia. Alafu umuombe unioe."

"Barabara itafunguka siku gani?"

"Hapa hakuna muntu anajua. Siku ya yenga ingine, kama leo, nitapanda tena. Utatupa tena. Wasiondoke pale chi..."

Simu ikakatika. Emery akaacha dadu pale pale, uso wa nne juu, akawaomba majirani wasiiguse. Njiani akafungua kifungo cha shingoni.

"Weye tena?" Tantine Annie alisema mlangoni, uso umekunjwa. "Leo umeleta habari gani ya barabara?"

"Iko mbaya kuliko nilivyosema, Tantine. Nimekuja kukuomba mambo mbili. Ya kwanza, umupe Fabiola baraka abaki kule. Ya pili, unipe yeye."

Tantine akakunjua uso, akamwingiza ndani, akamsogezea kiti.