Hedi ya Chuma ya Ngui

Hedi mpya ya alumini, kile kifuniko cha juu cha injini, ilikuwa ya moto kabla haijafungwa kwenye injini. Obadiah aliigusa kwa kiganja, akautoa mkono haraka. Ilikuwa imelala kivulini tangu asubuhi, juu ya meza ya gereji yake pale Mwakingali, mjini Voi.

"Nani amewasha gesi hapa?"

"Hakuna, anko," Alvin alijibu. "Ukimaliza kuipapasa tuifunge. Mbio ni Jumapili."

Alvin alikuwa mtoto pekee wa Milka, dada yake Obadiah. Pikapu waliyokuwa wakiitengeneza ilikuwa ya Ngui, marehemu baba yake Alvin, aliyebeba ndizi kutoka Taveta hadi alipokufa. Sasa Alvin alikuwa ameitia turbo, aishindanishe mbio na gari jingine kwenye barabara iliyonyooka.

Walikuwa wamegombana wiki nzima. Obadiah alitaka hedi ya zamani ya chuma ibaki. Ni nzito, alisema, lakini haipindi kirahisi. Alvin alitaka alumini, kwa sababu ni nyepesi na inaondoa joto haraka, hivyo turbo ingesukuma hewa nyingi bila petroli kulipuka mapema na kutoboa pistoni. Mwishowe Obadiah alichoka kubishana. Alichagua ya alumini yenye uso wa chini mnene, akaipima kwa rula, kisha asubuhi hiyo akaing'oa ile ya chuma. Bolti zake hazikuwahi kuguswa. Ngui alibadilisha klachi, pampu, hata gia, lakini hedi hakumruhusu mtu kuifungua.

Mchana mlio ulianza. Ulitoka ndani ya injini iliyo wazi, du, du, du, kama gari linalosubiri abiria. Pistoni hazikusogea. Betri ilikuwa sakafuni. Harufu ya maji ya rejeta yaliyochemka ikajaa gereji, na rejeta yenyewe ilikuwa imeegemezwa ukutani, kavu.

"Funika hiyo kitu," Alvin alinong'ona.

"Leo unanong'ona? Wiki nzima umenipigia kelele kama kondakta!"

Milka aliingia na chakula chao. Aliiona injini, akasimama.

"Mmefungua hedi?"

"Mwanao ndiye alitaka."

"Ngui alimfungia jini humo," alisema polepole. "Alienda kwa maalim mmoja Taveta. Alitaka gari lisishindwe na mlima wowote."

Obadiah alitupa spana chini. "Wewe mzee wa kanisa, Milka! Umekaa na hilo jambo miaka yote, ukaniacha nishike haya makitu kwa mikono yangu?"

"Ngui aliniambia nikisema nitamwona mtoto wangu kaburini. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia mimi! Ndugu yako!"

"Mama, hata mimi?" Alvin alifoka. "Nimeendesha hilo gari!"

Milka aliketi kwenye kiti cha plastiki konani, ameuma meno, akakunja mikono.

Maalim Rajabu, mtoto wa yule aliyemfunga jini, aliitwa kwa simu, akafika kutoka Taveta alasiri, akasikiliza mlio akiwa mlangoni na hakutaka kusogea karibu.

"Jini hapendi chuma," alisema kwa sauti ya chini. "Ndicho kilichomzuia. Nyinyi mmemfungulia, na amekasirika. Rudisheni hedi ya chuma mimi nikisoma dua, kabla hajamwingia mtu."

"Atamwingia nani?" Obadiah aliuliza.

"Mwenye hasira kuliko wote."

Obadiah na maalim walimtazama Alvin, kijana aliyekuwa akipiga mateke matairi tangu asubuhi.

"Mnaniangalia nini? Mnataka nife ndiyo muwe sawa?"

"Nyamaza, bwana! Tunataka usife!" Obadiah alimfokea.

Wakamketisha Alvin mbali na injini, maalim akaanza kusoma, na Obadiah akaishusha hedi ya chuma mahali pake na kukaza bolti moja baada ya nyingine, jasho likimwingia machoni, huku mlio ukipanda na harufu ikizidi na mabati ya paa yakitetemeka bila upepo, hadi alipovuta spana mara ya mwisho na kila kitu kikanyamaza ghafla.

Maalim alimgusa Alvin kwenye paji la uso. Lilikuwa baridi. Obadiah akaweka mkono juu ya injini. Baridi pia.

"Amefungwa," Obadiah alisema, akacheka kwa pumzi iliyokatika. "Alvin, amefungwa!"

Maalim hakucheka. Alikuwa akinusa hewa, akigeuka taratibu kufuata ile harufu ya maji yaliyochemka ambayo haikuwa imeondoka, akaipita injini, akampita Alvin, hadi macho yake yakatua kwenye kona ambako Milka alikuwa ameketi muda wote ule, mikono sasa iko juu ya kiti, na chini ya viganja vyake plastiki ilikuwa imelegea na kuanza kudondoka sakafuni, tone kwa tone.

"Mama?" Alvin aliita.

"Nilikaa humo miaka yote ile," alisema Milka, kwa upole. "Sirudi."