Kochi Hufumuliwa, Moyo Je?

Ukiulizia kochi imara, mtaa mzima ungekuelekeza kwa Fundi Kochi. Yeye alipiga mbao, akafunga springi na kuvuta kitambaa. Mkewe, ambaye wateja walimwita Mama Vitambaa, alikata na kushona. Karakana yao ilikuwa chumba kimoja kilichojaa sponji hadi darini. Humo nyundo, cherehani na utani wa fundi vilishindana kutwa nzima.

Siku za karibuni fundi alikuwa na mtindo mpya. Alivuta kitambaa kidogo, kisha akaacha. Alikaa kwenye kochi ambalo halijaisha, akafumba macho.

"Nalijaribu," alisema. "Mteja asije akalalamika mgongo."

Wateja walimsifu sana. Fundi gani mwingine hulijaribu kochi kabla hata halijapata mikono? Mama Vitambaa alijiona mke wa bingwa.

Asubuhi moja alimkuta bingwa wake amekaa kwenye fremu tupu. Haikuwa na springi wala sponji. Alikuwa ameshika kifua, uso umelowa jasho.

"Na hapo unajaribu nini? Mbao?"

Fundi alijitahidi kucheka, ikashindikana.

"Kifua, mke wangu. Nikivuta kitambaa kinabana. Nikikaa kinaachia. Ni misuli tu."

"Tangu lini?"

"Tangu nianze kujaribu makochi."

Mama Vitambaa hakujua amkumbatie au amgombeze. Alifanya yote mawili, kisha akafunga karakana, wakaenda zahanati.

Huko fundi alibandikwa waya kifuani, akapimwa moyo akiwa amelala. Kipimo hakikuonyesha kasoro. Dada yake fundi aliposikia, alipiga makofi.

"Si nilisema? Gesi hiyo! Kaka yangu anakula kama anafukuzwa."

Basi fundi akapewa dawa za tumbo. Alizimeza zote, na kifua kikaendelea kubana. Aliporudi zahanati, walimpeleka hospitali kubwa kwa daktari wa moyo. Safari hii alipimwa akitembea juu ya mashine. Mwendo ulipozidi kifua kikabana, na mistari ya kipimo ikabadilika.

"Huenda mshipa unaolisha moyo umekuwa mwembamba," daktari alisema. "Lakini bado hatuna uhakika. Napendekeza tupitishe mrija mwembamba hadi kwenye moyo, tuione mishipa yenyewe. Kwa sasa tumia dawa hizi. Nendeni mkafikirie, kisha mje mniulize chochote."

Fundi alisikia maneno matatu tu: hadi kwenye moyo.

"Hakuna wa kunifumua mimi!" alisema walipofika nyumbani. "Kochi likilia kwa ndani sisi tunafanyaje? Tunafumua. Na kochi lililofumuliwa unalijua, mama. Halirudi lilivyokuwa."

Mama Vitambaa alirudi kwenye cherehani yake. Maisha yake yote alikuwa akifumua makochi. Hakujua njia nyingine ya kuona kilicho ndani ya kitu. Alitaka mumewe apimwe, tena aliogopa kumsukuma. Akikataa, je, akianguka juu ya kazi? Akikubali asirudi, je? Angejiambia milele kwamba yeye ndiye aliyempeleka. Siku hiyo alishona mto mmoja kinyume, maua yakaangalia ndani.

Mwenye mto alipokuja kuuchukua, aliugeuzageuza, akacheka. Alikuwa jirani yao, muuguzi wa hospitali kubwa ileile, katika chumba cha kupitisha mirija ya moyo.

"Dada, leo macho yako yako wapi?"

"Yako kwa mume wangu, mdogo wangu. Wanataka kumpasua kifua, naye hataki."

"Nani kasema kupasua?" Muuguzi alivuta kiti. "Shemeji, njoo. Nipe mkono."

Fundi alikuja kwa shingo upande. Muuguzi alimgusa kwenye kifundo cha mkono, pale mapigo yanaposikika.

"Mrija unaingilia hapa. Au hapa paja linapoanzia. Wanakupiga sindano ya ganzi kwanza. Unakuwa macho, unaweza hata kuongea. Mrija unafuata mshipa hadi kwenye moyo. Wanatia dawa ya rangi, eksirei inaonyesha damu inapita wapi na inakwama wapi."

Fundi aliutazama mkono wake.

"Kwa hiyo hamfumui?"

"Hatufumui, shemeji. Kifua kinabaki na kitambaa chake."

Mama Vitambaa alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. Kisha akauliza lile aliloliogopa zaidi.

"Niambie ukweli. Watu hufa?"

"Ni nadra, lakini sitakudanganya kwamba haitokei," muuguzi alijibu. "Wengi hupata michubuko tu mahali sindano ilipopita. Wachache hutokwa damu zaidi, au dawa ya rangi huwakataa, au figo husumbuka. Mara chache sana hutokea kiharusi au shambulio la moyo. Ndiyo maana unafanyiwa hospitali, watu wakikuangalia muda wote. Mwambie daktari dawa zote unazotumia, na kitu chochote kinachokudhuru."

"Na nisipofanya?" fundi aliuliza.

"Hilo ndilo swali la kumuuliza daktari wako. Si kila anayeumwa kifua anahitaji mrija. Wengine huwatosha dawa au kipimo kingine. Muulize kwa nini wewe, na kuna njia gani nyingine. Ukishasikia, amua. Ila kitu kimoja usingoje kuuliza: kifua kikibana na kisiachie hata ukipumzika, au ukikosa pumzi, au jasho likikutoka ovyo, nenda hospitali palepale. Usikae kukijaribu kochi!"

Hata fundi alicheka.

Walirudi kwa daktari wakiwa na maswali yao. Daktari hakuchukia, alivuta karatasi akachora moyo. Alieleza kwamba dawa zingeweza kupunguza maumivu. Lakini maumivu ya fundi yalikuja mapema kwenye mashine, na bado yalimjia akitumia dawa. Kwa hali hiyo, kuiona mishipa yake kungesaidia zaidi kujua la kufanya. Wakikuta mahali pembamba panapofaa kutanuliwa, wangepatanua hapohapo, kama fundi angekubali kabla.

Fundi alimtazama mkewe. Mama Vitambaa aliuma midomo.

"Nimekubali," fundi alisema. "Yote mawili."

Siku ya kipimo hakula asubuhi, kama alivyoelekezwa. Mama Vitambaa alikaa kwenye benchi la nje, akiomba Mungu na kusahau alipofikia. Mlango ulipofunguliwa aliruka. Fundi alikuwa kitandani anasukumwa, mkono umefungwa bandeji, mdomo unafanya kazi kama kawaida.

"Mshipa mmoja ulikuwa umebanwa," daktari alisema. "Tumeutanua, tukaweka kimrija cha wavu wa chuma kiushikilie. Dawa asiziache hata siku moja bila kutuuliza."

"Umesikia, mama?" fundi alidakia. "Miaka yote natia makochi chuma, leo na mimi nimetiwa!"

Mama Vitambaa alilia na kucheka pamoja, mpaka muuguzi akamletea maji.

Fundi alipumzika kama alivyoambiwa. Alimeza dawa, akapunguza mafuta na chumvi, na sigara aliyokuwa akiificha nyuma ya sponji akaitupa mwenyewe. Dada yake bado alisema ni gesi, ila sasa alisema kwa sauti ndogo. Daktari aliporuhusu kazi nzito, fundi alirudi karakana. Alivuta kitambaa cha kochi refu kutoka pembe hadi pembe, akiimba, bila kusimama.

"Nikuulize," alisema alipomaliza. "Ningekataa kipimo kile, ungenilazimisha?"

Mama Vitambaa alikata uzi kwa meno, akafikiri.

"Nisingekulazimisha," alisema. "Moyo ni wako. Ila mume ni wangu, na ningekugombeza mpaka leo."