Ngazi za Gredi ya Kwanza

Ndunge husuka nywele katika Soko la Kenyatta. Ana kibanda chenye viti vitatu na kioo kirefu. Kila asubuhi alikuwa akija kazini na binti yake, Ivyne, mwenye umri wa miaka saba. Ivyne alizaliwa na miguu isiyo na nguvu, kwa hivyo alitumia kiti cha magurudumu. Kazi yake ilikuwa kumchambulia mama nywele za kusukia. Wateja walimpenda, maana alikuwa na maswali mengi kuliko polisi.

Jumanne moja Virginia alikuja kusukwa. Alikuwa mwalimu mstaafu, mkaaji wa mtaa wa Jamhuri.

"Sasa, mrembo?" alimsalimia Ivyne. "Leo hakuna shule?"

"Mimi huwa siendi shule, shosho," Ivyne alimjibu bibi huyo. Akainua chupa ya mafuta ya nywele. "Hii imeandikwa nini?"

Virginia alimsomea. Kisha akamtazama Ndunge kwenye kioo.

"Mama Ivyne, kwani kuna nini?"

Ndunge alishusha pumzi. "Mwalimu, nilimpeleka Januari, hapa tu kwa shule ya serikali. Mwalimu mkuu aliangalia kiti, akaangalia ngazi. Akasema gredi ya kwanza iko ghorofani, nimpeleke shule ya watoto walemavu. Hiyo iko mbali, na mtoto lazima alale huko. Nikamwomba. Nikamwomba tena."

Virginia aligeuka ghafla, kichwa nusu kimesukwa, nusu hakijasukwa.

"Uliomba? Mama Ivyne, wakati wa kuomba ulipita. Mama yangu ndiye aliyeomba, siku za mkoloni. Aliambiwa nafasi ni ya kaka yake. Akarudi shambani. Hakuwa na pa kushtaki, kwa sababu hakukuwa na sheria iliyomtambua."

"Na sasa iko?"

"Iko. Lakini haikuja kwa siku moja. Mwaka 1948 mataifa yaliandika kwamba elimu ni haki ya kila mtu. Sisi tulikuwa bado chini ya mkoloni, maneno yale hayakutufikia. Tukapata uhuru. Mwaka 1974 serikali ikaondoa karo kwa madarasa manne ya kwanza, lakini malipo mengine yakarudi kwa mlango wa nyuma. Mwaka 2003 shule za msingi za umma zikawa bila karo. Nilikuwa nafundisha wakati huo. Watoto walijaa darasani hadi wengine wakaketi dirishani! Nililia kwa furaha. Hata hivyo, ile ilikuwa ahadi ya serikali, na ahadi huweza kubadilika. Ndipo mwaka 2010 tukapitisha katiba. Kifungu cha 53 kinasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi, ya bure na ya lazima. Mwaka 2013 ikaja Sheria ya Elimu ya Msingi. Hiyo inakataza shule kumbagua mtoto kwa sababu ya kabila, dini, jinsia au ulemavu."

Ndunge alisahau kusuka. Katiba ile aliipigia kura mwenyewe. Hakujua kwamba ilikuwa na jina la mtoto wake ndani.

"Nifanye nini sasa?"

"Kwanza, mpeleke Ivyne kituo cha kutathmini watoto, ofisi ya elimu itakuelekeza. Watapima anachohitaji na kukupa ripoti. Rudi shuleni na ripoti hiyo. Wakikataa, waambie waandike sababu. Kisha peleka barua hiyo ofisi ya elimu ya kaunti ndogo."

Jioni Ndunge alimweleza mumewe, Kiilu. Kiilu ni fundi wa mawe. Wakati huo alikuwa akijenga nyumba katika mtaa wa Muthangari.

"Tukigombana na mwalimu mkuu, mtoto ndiye ataumia," Kiilu alisema.

"Hatugombani, Baba Ivyne. Tunauliza tu."

Wiki mbili baadaye Ndunge aliingia ofisini mwa mwalimu mkuu, ripoti mkononi, Ivyne kando yake.

"Mama, si nilikueleza kuhusu ngazi?"

"Ulinieleza, mwalimu. Basi niandikie kwamba umemkataa Ivyne kwa sababu ya ngazi. Nitaipeleka barua hiyo ofisi ya elimu."

Ndunge hakuketi wala hakuondoka. Mwalimu mkuu alichukua kalamu. Akaitazama karatasi, kisha akaiweka kalamu chini.

"Si kwamba simtaki," alisema polepole. "Naogopa ataanguka."

"Kwani darasa haliwezi kushuka?" Ivyne akauliza.

Mwalimu mkuu akacheka. Hakuna aliyewahi kufikiria jambo hilo.

Mwalimu mkuu aliita ofisi ya elimu, na Bwana Nzomo wa huko akaja kukagua. Halmashauri ya shule ikakutana. Gredi ya kwanza ikahamia chini, na gredi ya nne ikapanda juu. Zikabaki ngazi nne za mlangoni. Jumamosi Kiilu alifika na mwiko, kamba na kipimo. Wazazi wengine wakaleta simiti na kokoto. Akajenga njia ya mteremko, pana na laini.

"Miaka yote nimejenga ngazi," alimwambia Ndunge akipangusa jasho. "Sikuwahi kujiuliza zinamfungia nani mlango."

Zege lilipokauka, Ivyne alipanda njia ile mwenyewe, akisukuma magurudumu kwa mikono yake. Ndunge na Kiilu walisimama nje ya dirisha. Mwalimu alifungua rejista.

"Ivyne Mbithe!"

"Niko!" Sauti ilifika hadi langoni.

Kiilu alivua kofia, akaangalia kando ili mkewe asione macho yake. Ndunge aliyaona.

Muhula uliofuata watoto wawili zaidi wenye ulemavu waliandikishwa pale. Habari zikaenea. Siku moja simu ya Kiilu ililia akiwa kazini. Alikuwa mwalimu mkuu wa shule nyingine.

"Fundi, tuna mtoto hapa anatumia kiti cha magurudumu. Ukishatujengea njia kama ile, tutamwandikisha."

"Mwandikishe leo, mwalimu," Kiilu alisema. "Mimi nakuja kesho na mwiko."